Mifuko ya Wateja Haisomwi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Madoido alikuwa na kazi moja: kushona namba. Mama yake alikuwa dobi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa mahali pa kazi. Humo mlikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, mabeseni manne, na kamba za kuanikia zilizotoka mlangoni hadi kwenye ukuta wa jirani. Kila nguo iliyoingia ilishonewa kitambaa kidogo chenye namba ya mwenyewe, kwa uzi mwekundu, ndani ya ukosi. Nesi wa zahanati alikuwa namba nne. Fundi wa magari alikuwa namba tisa, na ovaroli zake zilifuliwa kwenye beseni lake peke yake, kwa sababu ambazo kila aliyewahi kumkaribia fundi huyo anazijua. Namba kumi na mbili ilikuwa ya Mwalimu, yule aliyekuwa akilifundisha darasa la Madoido.

Watu walimwita mama huyo Mama Dobi. Jina la Madoido alilitoa yeye mwenyewe, siku alipomkuta binti yake, wakati huo akiwa na miaka minne, amejifunga pazia la mteja na kutembea ukumbini kwa maringo kama bibi harusi. Miaka minane ilikuwa imepita. Pazia lilirudi kwa mwenyewe, jina likabaki.

Katika kazi hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo Mama hakulifanyia mchezo. Kabla nguo haijatiwa majini, mifuko yake ilikaguliwa. Mama alitia mkono mfukoni huku uso ameugeuzia dirishani, kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Alichokipata, kiwe ufunguo, kitana au karatasi, alikitia ndani ya kifuko cha kitambaa chenye namba ileile, akakitundika kwenye msumari. Mteja akija, alikabidhiwa nguo zake kwa mikono miwili, na kifuko chake juu.

"Mama, kwa nini huangalii?" Madoido aliwahi kumwuliza.

"Vidole vinatosha," Mama alijibu. "Macho yangu hayakualikwa."

Madoido alicheka tu. Kichwani mwake yalikuwa yamejaa mambo mengine. Yeye na rafiki yake, ambaye shule nzima ilimwita Kasuku kwa jinsi alivyokuwa akipokea neno huku na kulitoa kule, walikuwa wameanzisha daftari. Juu ya jalada waliandika: MAMBO YA WATU WA HADHI. Ndani yake mlikuwa na sheria. Mtu wa hadhi hanywi chai kwa sauti. Mtu wa hadhi hacheki mpaka magego yakaonekana. Mtu wa hadhi hakimbii hata akichelewa. Sheria hii ya mwisho iliwafanya waokote takataka za uwanja mzima mara mbili katika wiki moja.

Kipimo chao cha hadhi kilikuwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa na koti la kijivu lililomkaa vizuri mabegani. Hakuwahi kupaza sauti. Alimsalimu mlinzi wa lango kabla mlinzi hajamsalimu, na mwanafunzi akiongea alimsikiliza hadi mwisho, hata yule mwenye kigugumizi. Wasichana wetu hawa walimtazama muhula mzima. Katika yote hayo, waliandika rangi ya koti na jinsi alivyoshika kikombe.

Nyumbani, Madoido alianza kunywa chai akiwa ameinua kidole kidogo.

"Hicho kidole kimeumia?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Hii ni hadhi."

"Aa. Basi iambie hadhi inisaidie kuinua beseni hili."

Siku ya Alhamisi, Mama alitoka kupeleka sare za Nesi. "Nikagulie mifuko ya namba kumi na mbili," alisema akiwa mlangoni. "Nikirudi naloweka."

Madoido alitia mkono katika koti la kijivu. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ikawa ndogo kama kiganja cha mtoto. Kwa nje mwandiko ulionekana kwa mbali, umeinama kidogo, mzuri ajabu. Akaikumbuka sehemu moja ya daftari lao iliyokuwa bado tupu: jinsi watu wa hadhi wanavyoandika barua. Nitaangalia mstari wa kwanza tu, alijiambia, nione mtu kama Mwalimu anaanzaje.

Mstari wa kwanza ulimvuta hadi wa pili, wa pili ukamvuta hadi mwisho. Ilikuwa barua ya kwenda kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu alikuwa anaomba uhamisho, akafundishe karibu na kwao, kwa kuwa mama yake amezeeka, macho yamefifia, na hana mtu wa kumwangalia. Maneno mengine yalikuwa yamekatwa na kuandikwa upya. Chini hapakuwa na sahihi.

Madoido alirudia kusoma neno uhamisho. Mwalimu anaondoka! Aliikunja karatasi haraka, akaitia katika kifuko, akakitundika. Mama aliporudi alimkuta ameketi kimya, akadhani ana njaa, akamkatia kipande cha mkate.

Laiti angenyamaza, huenda jambo lingekufa kifo chake. Lakini kesho yake wakati wa mapumziko, Kasuku alifika akijisifu kwamba amepata sheria tatu mpya za daftari, na Madoido hakuwa na hata moja. Tena alikuwa na huzuni, na huzuni ya peke yako ni mzigo.

"Nikikwambia kitu, utakaa nacho?" aliuliza.

"Mimi tena?" alisema Kasuku, akijipiga kifuani. "Hata wanichape."

Kumwambia mtu jambo lililotoka mfukoni mwa mteja ni kosa moja. Kumwambia mtu anayeitwa Kasuku ni makosa mawili.

Jumatatu, darasa zima lilikuwa linalia. Wengine walikuwa wameshachora kadi ya kumuaga Mwalimu, na msichana wa dawati la mbele alikuwa amekwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu kumsihi asikubali. Mwalimu Mkuu hakujua lolote. Alimwita Mwalimu ofisini, na wakakaa humo muda mrefu.

Mwalimu alipoingia darasani, hakuwa amevaa koti. Alisimama mbele akaweka chaki mezani.

"Nasikia ninaondoka," alisema kwa sauti yake ileile ya chini. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijaamua. Kuna mambo mtu huyapima polepole, peke yake, mpaka ajue la kufanya. Hili lilikuwa mojawapo. Sasa imenibidi nimweleze Mwalimu Mkuu habari za mama yangu kabla sijawa tayari."

Hakumtazama yeyote. Akageuka, akaandika tarehe ubaoni, na somo likaanza. Madoido alimwona akiifuta herufi ya kwanza na kuiandika upya. Siku ile hakusikia hata neno moja la somo.

Maneno yakatembea. Kasuku hakuwa amesahau kueleza habari alizitoa wapi, na ulimi, kama tunavyojua, hauna mfupa. Jumamosi asubuhi Nesi alifika mlangoni, akapiga hodi, akaingia. Hakuketi.

"Mama Dobi, naomba shuka zangu."

"Bado hazijatiwa hata maji, dada."

"Nitazichukua hivyo hivyo." Nesi alitazama sakafu. "Usinielewe vibaya. Watu wanasema karatasi ya Mwalimu ilisomwa hapa. Na mimi mfukoni mwangu hukaa majina ya wagonjwa."

Mama aliweka pasi wima. "Nani anasema?"

"Lisemwalo lipo, Mama Dobi."

"Dada yangu, hii ni miaka kumi na moja nafua nguo zako," Mama alisema. "Humu tuko wawili tu, mimi na mwanangu. Mimi najijua, na mwanangu namjua. Mifuko ya wateja haisomwi hapa. Nakuwekea dhamana jina langu."

Madoido alikuwa amesimama nyuma ya shuka iliyoning'inia, sindano mkononi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nesi alichukua shuka zake, akaaga kwa upole, akaenda. Baada yake alikuja fundi wa magari. Hata yeye, ambaye mifukoni mwake hamkuwahi kupatikana siri kubwa zaidi ya nati, alitaka ovaroli yake. Alipoondoka, Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akabaki akiyatazama mabeseni matupu. Madoido hakuwahi kumwona mama yake ameketi saa nne asubuhi.

"Mama," alisema. "Niliisoma mimi."

Mama alisimama, akachukua foronya iliyokuwa imeshakunjwa, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema taratibu, "Nimekuwekea dhamana mbele ya watu."

Hakugomba, na ndiyo maana Madoido alilia sana. Angepigiwa kelele, angepata pa kujificha.

"Nilitaka kuona mtu wa hadhi anaanzaje barua," alisema kwa kwikwi. "Halafu nikamwambia Kasuku. Nisamehe, Mama."

Mama alimvuta kifuani, kichwa kikagota kwenye aproni iliyolowa. Akakaa naye hivyo mpaka kwikwi zikapungua. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Lakini sakafu tunaweza kuipiga deki. Nawa uso, uvae viatu."

"Tunakwenda pamoja?"

"Njiani tutakuwa pamoja. Mlangoni utaingia peke yako, maana mimi sikusoma kitu. Nitakusubiri nje."

Wakaanza kwa Nesi. Madoido alipiga hodi, akaingia, akasema yote bila kuficha: kwamba mama yake hakujua, na kwamba mwenye kosa ni yeye. Nesi alimsikiliza, akamshukuru kwa kuja, lakini shuka hakuzitoa. Fundi wa magari aliguna kutoka chini ya gari, akasema amesikia. Kila alipotoka, Madoido alimkuta mama yake amesimama palepale alipomwacha.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mwalimu. Koti la kijivu lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, keti."

Madoido hakuweza kuketi. Alisema akiwa amesimama, macho yake kwenye vidole vya miguu. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," alisema. "Karatasi yangu niliikunja mara nne. Ilirudi imekunjwa mara tatu."

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

"Ningemwambia nini? Mama yako hajanikosea. Jina lake si langu la kuchafua. Nilikuwa nasubiri mwenye kosa aje." Mwalimu alimtazama usoni. "Ulikuwa unatafuta nini mle ndani, Madoido?"

"Nilitaka kujua watu wa hadhi wanaanzaje barua."

Mwalimu alikodoa macho. Kisha akacheka. Alicheka mpaka magego yakaonekana, yote, juu na chini, akajifuta machozi kwa kiganja. Madoido alimtazama kwa mshangao, akafikiria daftari lake.

"Wanaanza kama watu wengine," Mwalimu alisema alipotulia. "Wanakosea, wanakata, wanaanza upya. Nimekusamehe, mwanangu. Ila kukuamini tena ni jambo jingine. Imani huota kama kucha iliyong'oka: polepole, na huwezi kuivuta."

Wiki zikapita. Mama alikagua mifuko yote mwenyewe, na Madoido hakuomba kusaidia. Alishona namba, alichota maji, alianika. Fundi wa magari alirudi wa kwanza, kwani hapakuwa na dobi mwingine aliyezikubali ovaroli zake. Nesi naye alileta shuka moja, ya kujaribia. Wiki iliyofuata akaleta tatu. Shuleni, Mwalimu aliendelea kufundisha, lakini hakuna aliyejua kama atabaki au atakwenda. Kila mtu alikuwa anakisia. Kasuku alikuwa na makisio sita, na kila moja alilitangaza kama habari ya hakika.

Halafu siku moja, mikono ya Mama ikiwa imejaa povu hadi kwenye viwiko, alisema bila kugeuka, "Hebu nikagulie mifuko ya hilo koti."

Lilikuwa koti la kijivu. Madoido alisogea. Aligeuzia uso dirishani, akatia mkono. Vidole vyake vikagusa karatasi, imekunjwa mara nne.

Mama alikuwa amempa mgongo. Karatasi ilikuwa kiganjani, na Madoido alijua fika inaweza kuwa na jibu la swali lililokuwa linamnyima raha: Mwalimu anabaki au anakwenda? Kuikunjua kungekuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na safari hii angekumbuka kuikunja mara nne. Nje ya dirisha, paka wa jirani alikuwa anatembea juu ya ukuta. Madoido alimtazama paka huyo kuliko paka yeyote alivyowahi kutazamwa. Akaitia karatasi katika kifuko, akakitundika, akashusha pumzi.

"Tayari, Mama."

"Haya, asante," alisema Mama, na akaendelea kusugua.

Jumamosi Mwalimu alikuja mwenyewe. Madoido alimkabidhi koti kwa mikono miwili, na kifuko juu. Mwalimu alitoa ile karatasi, akaigeuza, akatazama mikunjo yake, kisha akamtazama Madoido.

"Hii ni barua ya mama yangu," alisema. "Alimwomba jirani amwandikie. Mimi nilikuwa najisumbua nikipima wapi pa kwenda, kumbe yeye ameshaamua. Anasema nisihame, yeye ndiye anakuja kukaa nami. Amefika jana."

"Kwa hiyo huendi?" Madoido aliruka, akasahau hadhi yote.

"Siendi. Ila nina shida, na nimekuja kuomba msaada, kama Mama Dobi ataridhia." Mama aliweka pasi wima. "Mama yangu amekuja na sanduku la barua. Za ndugu zake, za rafiki zake, za marehemu baba. Anatamani kuzisikia tena, na macho hayamruhusu. Nilitaka kumsomea mimi, akakataa katakata. Anasema kuna mambo ya ujana wake mle ndani ambayo mwanawe hapaswi kuyajua."

Mama Dobi akacheka. Mwalimu pia akacheka, kisha akamgeukia Madoido.

"Natafuta mtu anayejua kusoma na anayejua kunyamaza. Kusoma nimekufundisha mimi. Kunyamaza umejifunza mwenyewe."

Madoido alirudi nyuma hatua moja. "Lakini Mwalimu, mimi ndiye niliye..."

"Ndiyo, wewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe sasa utashtuka kabla hujafungua mdomo."

Basi Jumamosi ile ile mchana, Madoido aliketi kwenye kigoda karibu na bibi mmoja mdogo wa umbo, mwenye mikono laini, aliyefungua sanduku kwa kupapasa. Alisoma barua mbili. Katika ya kwanza bibi alicheka mpaka akakohoa. Katika ya pili aliomba asomewe upya sehemu ya mwisho, mara tatu, huku amefumba macho. Kisha akamshika Madoido kichwani, akamwambia, "Mungu akukuze, mjukuu wangu."

Zilisema nini? Msomaji, na wewe pia?

Kasuku alikuwa anamsubiri kwenye kona ya nyumba yao. "Enhe! Nasikia umesoma barua za mama yake Mwalimu. Zimeandikwaje?"

"Muulize mwenyewe."

"Mwenyewe hawezi kuniambia mimi!"

"Basi umeshajibiwa," alisema Madoido. Akamshika mkono ili asinune. "Njoo, tukanywe chai."

Mama alikuwa dirishani, amesikia yote. Kasuku alipokwisha kunywa chai yake na kwenda kwao, Mama alimkuta binti yake mezani, daftari la hadhi limefunguliwa, penseli mkononi, hajui aandike nini.

"Mwanangu," alisema akiketi karibu naye, "hayo mliyoandika si mabaya. Kunywa chai bila kelele ni vizuri, na mimi mwenyewe nisingependa kuyaona magego yako kila siku. Lakini muungwana ni kitendo. Nguo safi naweza kukufulia, nikakunyooshea, ukatoka ukapendeza. Ustaarabu siwezi kukufulia. Hilo ni vazi unalolivaa mwenyewe, na unalivaa hata ukiwa peke yako chumbani, hakuna anayekuona, na mfuko wa mtu uko mkononi mwako. Siku ile ya koti nilikuwa nimekupa mgongo makusudi."

"Ulijuaje kwamba sikusoma?"

"Sikujua," alisema Mama. "Nilikuamini."

Madoido alimkumbatia. Kisha akalifunga daftari, akakunja mikono ya blauzi, akavuta ovaroli namba tisa iliyokuwa imesalia sakafuni. Akageuzia uso dirishani na kutia mkono mfukoni. Vidole vyake vikagusa nati mbili, na kitu laini asichokijua. Akavitia vyote katika kifuko.